Mpishi Aliyeacha Krispi

Naftali Sumari alikuwa na mkono wa kisu. Katika jiko la hoteli ya Bwana Kosta, Mgiriki aliyefungua hoteli mjini Arusha enzi za Waingereza, hakuna mpishi mwingine aliyeweza kukata kiazi kikatoka chembamba kama cha Naftali. Ukikishika kipande chake mbele ya dirisha, unaona mwanga wa upande wa pili. Alivifuta vipande vyake kwa kitambaa mpaka vikauke, akavitumbukiza kwenye mafuta ya moto, navyo vikajikunja kwa kelele. Alivitoa vikiwa na rangi ya jani kavu la mgomba, akavinyunyizia chumvi, vikapelekwa baa vikiwa bado vya moto. Masetla wa mashamba ya kahawa waliteremka mjini kwa ajili ya bia ya Bwana Kosta, lakini wengi walikiri kwamba bila krispi za Naftali wangekunywa kwingine. Walimwita Bwana Viazi, na jina lile lilimkaa vizuri.

Sasa, mpishi huonja. Ndiyo kazi yake. Naftali alianza kwa kuonja kimoja, aone kama chumvi imekolea. Kimoja kikaita cha pili. Mwisho akawa anajitengea bakuli lake kabla ya kujaza ya wageni, na jioni anarudi kwake Moshono na mfuko wa karatasi kwapani, umelowa mafuta. Kwaru, kwaru, kwaru, njia nzima. Tabitha, mkewe, alikuwa akisema mume wake hana haja ya kupiga hodi, meno yake yanatangulia.

Kisha asubuhi moja, akiwa ameinamia karai la viazi, damu ikamtoka puani. Alidhani ni jasho. Alipojifuta akaona mkono mwekundu, na vipande vyote vyeupe vimetapakaa matone. Akabana pua, akainua kichwa, damu haikukata. Bwana Kosta aliingia jikoni, akatazama karai, akatazama uso wa mpishi wake, akasema, "Mwaga hivyo viazi. Halafu nenda hospitali. Nenda sasa hivi."

Hospitalini dresa mmoja, msaidizi wa daktari aitwaye Romanus, mtu mzima mwenye sauti ya taratibu, alimfunga kitambaa mkononi, akapuliza hewa kwa mpira, akatazama chombo chake. Akafungua, akafunga tena, akapuliza upya. Kisha akaenda kumwita daktari. Daktari Mzungu naye akapima, akasema maneno kwa Kiingereza, na Romanus akayageuza.

"Daktari anasema damu yako inasukuma kwa nguvu kuliko inavyotakiwa. Ni presha. Anauliza, kwenu yupo mtu aliyepata kupooza?"

Kwao alikuwapo. Alikuwapo baba yake, Mzee Aminieli, ambaye wakati huo huo alikuwa amekaa kwenye kiti cha kamba mbele ya nyumba, mkono wa kulia umelala pajani kama kitu cha mtu mwingine, mdomo umeshuka upande mmoja. Mzee aliyekuwa akipanda mlima kuchanja kuni mpaka penye ukungu, sasa hulishwa uji kwa kijiko na kufutwa kidevu. Alianguka ghafla kwenye migomba yake, akiwa na umri usiozidi sana ule aliokuwa nao mwanawe sasa.

"Yupo," Naftali alisema. "Baba yangu."

Daktari akaitikia kwa kichwa, akauliza habari za chakula. Naftali akasimulia, na alipofika kwenye krispi hapakuwa na haja ya mkalimani. Neno lile daktari alilijua. Akatikisa kichwa.

"Anasema uziache," Romanus alisema. "Chumvi upunguze sana, na mafuta. Lakini hizo uziache kabisa, na uanze leo."

"Nikiziacha nitafune nini?"

Romanus akauliza. Daktari akapandisha mabega.

"Anasema hilo utalijua mwenyewe nyumbani kwako."

Tabitha hakuwa mwanamke wa kukalia neno. Aliposikia habari ile, hata kitambaa cha kichwa hakukifungua. Alichukua kopo la chumvi, akakata kichochoro cha migomba mpaka kwa jirani yao Namnyaki, mke wa Lomayani, akamwambia, "Nitunzie hii. Hata nikija kuiomba mwenyewe usinipe." Tangu jioni hiyo nyumba nzima ikala maharage yasiyo na ladha, mboga isiyo na ladha, na ndizi za kupika zisizo na ladha. Watoto walitazamana juu ya sahani zao. Mzee Aminieli, ambaye maneno yalikuwa yakimtoka kwa shida, alimeza kijiko cha kwanza, akamkazia macho mkwe wake kama mtu aliyetukanwa.

Naftali akavumilia. Alishangaa mwenyewe kuona ya kwamba chakula cha sahani hakikumshinda. Kilichomshinda ni kinywa chake kati ya chakula na chakula. Jioni, akitembea kurudi nyumbani, mikono mitupu, meno yalimwasha. Yalitaka kitu cha kuvunja, kitu kitakachopiga kelele masikioni mwake na kumsahaulisha moto wa jiko na masimango ya kutwa. Akajaribu karoti. Karoti ni kitu kizuri, lakini ina maji. Inavunjika mara moja halafu inakuwa chakula cha sungura. Akamwomba Tabitha amkaangie mahindi makavu kwenye chungu bila mafuta. Yakakaangwa. Akatia gao zima kinywani, akauma kwa hamu ya siku nyingi, na jino lake la nyuma likapasuka, pande moja likabaki ulimini.

Tabitha alilitazama lile pande la jino kiganjani mwa mumewe. Alijitahidi asicheke, akashindwa.

"Baba Susana, ulikuwa unakula au unapigana?"

"Cheka tu," Naftali alisema, shavu limevimba. "Lakini sitaacha kutafuta."

Habari za jino zilimfikia Namnyaki, naye akaja na fundo dogo la kitambaa. Alikuwa mama wa Kiarusha mwenye huruma na haraka ya kusaidia. Akafungua fundo, ndani mna mawe ya magadi.

"Baba Susana, hii siyo chumvi," alisema. "Hii inatoka chini ya ardhi, ng'ombe wanailamba na hawapati ugonjwa wowote. Mwambie Mama Susana aitwange, aiweke kwenye mahindi mabichi ya kuchoma. Utaona."

Naftali aligusa jiwe moja, akalamba kidole. Mate yakamjaa. Ilikuwa karibu, karibu sana na kile alichokikosa, na wala daktari hakuwa ametaja magadi. Angeweza kunyamaza. Lakini siku iliyofuata, kabla ya kuingia kazini, alipitia hospitali, akamwonyesha Romanus lile jiwe.

"Jirani yako amekupa kwa moyo mwema," Romanus alisema, "lakini hii na chumvi ni ndugu wa tumbo moja. Ukila hii umekula ile."

Naftali akamrudishia Namnyaki magadi yake na shukrani nyingi. Njiani kurudi alisikia uchungu kama mtoto aliyepokonywa kitu.

Basi mambo yangeweza kwenda hivyo hivyo, mtu na hamu yake wakisukumana, kama isingekuwa arusi. Setla mmoja wa mashamba ya Usa, nje kidogo ya mji, alimwoza binti yake, na karamu ikawekwa kwa Bwana Kosta. Tangu asubuhi Naftali alikata viazi na kukaanga, akakata na kukaanga, mpaka nguo zake, nywele zake na hata pumzi yake vikanuka mafuta. Wageni walipokwisha kukaa na muziki kuanza, alichukua bakuli moja akaingia nalo stoo, akafunga mlango kwa mguu, akakaa juu ya gunia. Hakula kama mtu anayeonja. Alikula kama mtu anayelipiza kisasi. Bakuli likaisha, akapangusa chumvi ya chini kwa kidole, akalamba.

Kisha kichwa kikaanza kugonga. Alisimama ashike kisu chake kilichokuwa rafuni, na kisu hakikushikika. Aliona vidole vyake vimeuzunguka mpini, lakini havikuwa na habari. Kisu kikaanguka sakafuni kwa kishindo. Naftali akausogeza mkono ule kwa mkono mwingine, akaukunja, akaukunjua, akaupulizia kama mtu aliyetoka kwenye baridi. Alijaribu kuliita jina la mkewe na ulimi ukawa mzito. Ukumbini watu walikuwa wakipiga makofi. Yeye, huku stoo, alimwona baba yake kwenye kiti cha kamba, na kidevu kinachofutwa.

Baada ya kitambo vidole vikaamka. Viliamka na sindano sindano, kimoja baada ya kingine, na ulimi nao ukarudi. Naftali aliinama akaokota kisu. Hakumwambia mtu pale. Ila alipotoka stoo hakuwa mtu yule aliyeingia.

Asubuhi alimwambia Tabitha yote, hakuficha hata kidole kilicholambwa. Walikuwa uani, Tabitha akimenya ndizi. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akakiweka kisu chake chini.

"Mimi nakula mboga isiyo chumvi," alisema polepole. "Watoto wanakula. Baba, ambaye hana raha nyingine hapa duniani, anakula. Sote tunakula majani kama mbuzi kwa ajili yako, na wewe unajifungia stoo."

"Mama Susana..."

"Ngoja nimalize. Nimekupa karoti. Nimekukaangia mahindi, ukavunja jino. Jino la pembe si dawa ya pengo, nami sina la kukupa zaidi, kwa sababu hilo pengo ni lako. Lakini nikuulize. Mzungu akija pale hotelini akasema leo nataka kitu hiki na hiki, utamwambia hakipo?"

"Hapana. Nitatafuta namna."

"Kwa sababu gani?"

"Kwa sababu mimi ni mpishi."

"Basi jipikie wewe," Tabitha alisema, akaokota kisu chake, akaendelea kumenya.

Naftali alikaa palepale akitazama maganda ya ndizi yakianguka kwenye ungo. Neno lile lilimwingia vibaya, kisha likamwingia vizuri. Muda wote huo alikuwa amelia kama mgonjwa. Hakuwa hata mara moja amefikiri kama mpishi. Sasa akafikiri. Alichokipenda kwenye krispi ni kitu gani hasa? Wembamba wake. Ukavu wake. Kelele yake. Halafu chumvi. Wembamba ulikuwa mkononi mwake mwenyewe, hauhitaji kiazi. Ukavu unaletwa na mafuta, lakini mafuta siyo peke yake yanayokausha vitu duniani. Jua linakausha, na moto wa taratibu unakausha. Vikiwa vyembamba na vikavu, kelele itakuja yenyewe. Iliyobaki ni chumvi, na hiyo angeifikiria mwisho.

Akachukua ndizi mbichi moja kwenye ungo wa mkewe.

Ilikuwa miezi ya jua, kahawa imekwisha kuvunwa, na zile meza za waya za kuanikia kahawa zilikuwa zimesimama tupu nyuma ya nyumba. Naftali akakata ndizi vipande vya duara, vyembamba kama viazi vyake vya hotelini, akavipanga juu ya waya. Jioni vilikuwa vyeusi kama nzige waliokufa. Akajifunza kuviloweka kwanza kwenye maji ya limau. Mara ya pili vilibaki vyeupe, lakini alipouma vilivutika kama ngozi ya mbuzi. Akajifunza kwamba jua peke yake halitoshi. Akavikausha juani, kisha akavitia kwenye sufuria kavu, makaa kidogo chini na makaa juu ya mfuniko, kama wanavyooka keki watu wasio na tanuri. Vikaungua. Akapunguza makaa. Vikaungua upande mmoja tu. Kuku wakapanda mezani wakala mkupuo mzima. Mzee Aminieli, kwenye kiti chake, alikuwa akifuata yote kwa macho, na kuku walipopanda alijaribu kupiga kelele, ikatoka sauti kama ya kikohozi. Tangu hapo akawekewa fimbo mkono wa kushoto, naye akawa mlinzi.

Tabitha hakuuliza kitu. Ila Naftali aligundua kuwa kila asubuhi ndizi mbichi nzuri kuliko zote zilikuwa zimeachwa juu ya meza, zimeoshwa.

Mchana mmoja mjini, akipita karibu na soko, alimwona Mhindi muuza njugu akikaanga dengu. Alikuwa amempita mara nyingi bila kumwona. Karai lake halikuwa na mafuta, lilikuwa na mchanga. Mchanga mweusi, wa moto, na dengu zikirukaruka ndani yake, zikipasuka maganda. Kisha akachekecha, mchanga ukaanguka, dengu zikabaki zimevimba, kavu. Naftali akanunua kidogo. Zilikuwa na chumvi, kwa hiyo aliomba apewe zile ambazo hazijatiwa bado. Mhindi akamtazama kama mtu anayenunua chai isiyo majani, akampa. Naftali akatia moja kinywani, akaiuma upande wa meno mazima.

Kwaru.

Alisimama palepale katikati ya watu. Mwenye mkokoteni akamfokea apishe njia.

Jumapili, baada ya ibada, alikwenda Kikwe kwa Hanna, dada yake Tabitha, aliyeolewa huko tambarare ambako dengu hulimwa. Hanna alimpa mfuko, akamwuliza kama nyumbani kuna kilio, maana shemeji yake hakuwa na desturi ya kumtembelea. Mchanga Naftali aliuchota Mto Themi, akaufua kama mtu anayefua shuka, mpaka maji yakatoka safi. Akaloweka dengu, akazianika, akazikaanga mchangani. Za kwanza zilikuwa risasi. Za pili zilipasuka vizuri.

Ikabaki chumvi. Alikaanga bizari nyembamba kavu, akaisaga pamoja na pilipili manga. Akazinyunyizia dengu maji ya limau zikiwa bado za moto, zikapiga mvuke, kisha akazigeuza kwenye unga ule. Ndizi nazo akazifanya vivyo hivyo, ila kwa pilipili nyekundu kidogo. Haikuwa chumvi. Aliijua chumvi, hangeweza kujidanganya. Lakini ulimi ulipopata ule ukali wa limau na moto wa pilipili ulikuwa na shughuli, na mtu mwenye shughuli halii sana.

Alimpelekea Tabitha kibakuli. Tabitha alitafuna dengu moja, akatafuna ya pili. Akachukua kipande cha ndizi, kikavunjika, akafumba macho.

"Hizi," alisema, "leo huondoki nazo. Zinabaki kwangu."

Lakini kazi ilikuwa bado. Kutwa nzima mtu anakaanga krispi, anapumua krispi, kisha jioni ale dengu na kushukuru? Naftali alijua bakuli la pili lilikuwa likimngoja kwenye stoo ile ile, na kwamba safari hiyo vidole huenda visiamke. Akamwendea Bwana Kosta.

"Bwana, nataka kuhamia kwenye mikate."

Bwana Kosta alicheka. Alipoona mwenzake hacheki, akaacha. "Naftali, mwokaji wa mikate nitampata popote. Watu wanakuja hapa kwa viazi vyako."

"Najua, Bwana. Lakini viazi vyangu vitaniua. Nipe mtu nimfundishe. Akishajua, mimi naenda kwenye tanuri. Usipotaka, basi naondoka kabisa, tuagane kwa amani."

Mgiriki alimtazama sana. Naftali akatoa mfukoni kifurushi cha ndizi na dengu zake, akakifungua mezani, labda Bwana aone kwamba hata wageni wangeweza kupewa kitu kingine. Bwana Kosta alionja ndizi moja. Akatafuna, akatafakari.

"Chumvi iko wapi?" aliuliza, akasukuma kifurushi kirudi. Lakini alisema, "Haya. Mfundishe Elirehema."

Elirehema alikuwa mwosha vyombo, mtu mzima mwenye watoto, mkimya. Naftali alimfundisha bila kuficha kitu: jinsi ya kushika kiazi, jinsi ya kulaza kisu, jinsi ya kujua joto la mafuta kwa kuliangalia povu. Haikuwa kazi nyepesi kumpa mwingine kitu ulichojulikana nacho. Na masikio hayana pazia, kabla mwezi haujapinduka, akiwa kwenye tanuri mikono imejaa unga, Naftali alisikia setla mmoja akiita kutoka baa, "Mwambie Bwana Viazi alete nyingine!" Aliinua kichwa. Elirehema ndiye aliyeitika. Naftali akainamisha kichwa, akaupiga ule unga ngumi, akaukunja, akaupiga tena. Mikate ya siku ile ilisifiwa sana kwa kuumuka.

Elirehema mwenyewe alikuwa mtu wa heshima. Siku moja alimjia tanurini na sahani ya krispi za moto. "Kaka, wewe ndiye mwalimu wangu. Nionjee, naona leo zina kasoro, wala siioni ni ipi."

Harufu ilimpanda Naftali mpaka nyuma ya macho. Alichukua kipande kimoja, akakiinua kwenye mwanga wa mlango. Akakivunja karibu na sikio. Akanusa palipovunjika. Kinywa chake kilikuwa kimejaa mate kiasi kwamba ilibidi ameze kabla ya kusema.

"Ukataji hauna kasoro," alisema. "Mafuta yamechoka. Umekaangia samaki?"

"Jana."

"Mwaga, tia mapya." Akavirudisha vile vipande viwili vilivyovunjika kwenye sahani, akajifuta vidole kwa aproni, akafuta tena kucha kwa kucha. Elirehema alipoondoka, Naftali alichota dengu kutoka mfukoni, akatafuna kwa nguvu mpaka taya likauma.

Alirudi hospitali kama alivyoagizwa. Romanus alipuliza hewa, akatazama, akapuliza tena. Safari hii hakwenda kumwita mtu.

"Imeshuka," alisema. "Haijafika tunapopataka, lakini imeshuka sana. Umefanya nini?"

"Nimehamia kwenye mikate," Naftali alisema, akamwachia mfuko wa dengu.

Nyumbani Tabitha aliipokea habari akiwa jikoni. Alikaa juu ya kigoda, akaficha uso kwenye kanga kidogo. Kisha akainuka, akatoka, akaenda kwa Namnyaki. Alirudi na kopo lake la chumvi.

"Usinitazame hivyo," alimwambia mumewe. "Wewe umekwisha kujua njia yako. Kuanzia leo napika vyungu viwili. Chako hicho. Sisi wengine tumetubu vya kutosha." Jioni ile Mzee Aminieli alipomeza kijiko cha kwanza cha mboga, chenye chumvi kiasi kidogo tu, maana naye alikuwa mgonjwa, alisema neno moja na kila mtu akalisikia: "Ndiyo."

Masika yakaingia mapema. Ukungu wa Meru uliteremka ukakaa juu ya migomba, meza za kahawa zikalowa, na ndizi alizoanika Naftali zikaota ukungu kabla hazijakauka. Akazitupa. Dengu za Hanna nazo zilikuwa zimekwisha mfukoni, na njia ya Kikwe imekuwa tope. Jioni ya kwanza bila kitu cha kutafuna alizunguka nyumba kama mbwa aliyepoteza mfupa, na mara mbili Tabitha alimwona akitazama upande wa mjini.

Asubuhi alimkuta amepasua boga kubwa jikoni, mikono imejaa utando, anatoa mbegu moja moja na kuzitandaza kwenye ungo.

"Hizo utazianika wapi na mvua hii?" Tabitha aliuliza.

Naftali akanyoosha kidole kwenye kichanja cha kuni juu ya meko, palipokuwa pakavu, penye joto la moshi usiku na mchana.

"Zitanuka moshi."

"Nitajaribu na moshi," alisema. "Zikishindikana, nitajaribu kitu kingine."

Tabitha alisogeza kuni upande mmoja wa kichanja, akampokea ungo, akauweka juu yeye mwenyewe kwa kuwa alikuwa mrefu kuliko mumewe. Kisha akavuta boga lililobaki karibu yake, akaanza kulimenya kwa ajili ya chakula cha mchana.